Ziwa Kivu na Ukingo wa Shaka

Tarehe 27 Mei 2021, siku 5 baada ya volkano ya Nyiragongo kumwaga lava kuelekea Goma, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Constant Ndima, aliwaamuru wakazi wa sehemu kubwa ya mji waondoke. Alieleza kwamba magma ilikuwa imepenya chini ya mji na kuendelea hadi chini ya Ziwa Kivu, na kwamba mlipuko ungeweza kutokea nchi kavu au majini. Malaki ya watu wakabeba magodoro, masufuria na watoto. Wako waliovuka mpaka kwenda Gisenyi, wako waliopanda meli kwenda Bukavu, na wako walioshika barabara ya Sake. Wengi wa hao wa Sake waliendelea kusini kandokando ya ziwa, wakapita Shasha na Kirotshe, wakafika Bweremana na Minova.

Bweremana iko Masisi, katika uchifu wa Bahunde, mwishoni kabisa mwa Kivu Kaskazini kabla hujaingia Kivu Kusini. Ziwa ndilo uwanja wake wa mbele. Watu huchota humo maji, huvua humo samaki aina ya sambaza usiku kwa taa, na husafirisha humo mizigo. Kwa hiyo mkimbizi aliyefika pale alikuwa amekimbia volkano na kuja kulala ukingoni mwa jambo lingine lililoogopwa zaidi. Kila mtu alikuwa amesikia kwamba chini ya maji yale kuna gesi, na kwamba gesi hiyo siku moja inaweza kutoka yote kwa mkupuo. Swali lilikuwa moja: je, inaongezeka?

Jibu lilikuwa limechapishwa miezi 9 tu kabla, Agosti 2020. Lilipatikana baada ya miaka 85 ya kupima, na katika miaka hiyo wanasayansi walibadilisha kauli mara mbili. Kilichoamua kauli ipi isimame ni hesabu ambayo mwanafunzi wa kemia huikuta kwa mara ya kwanza anaposhika bureti, lile bomba la kupimia la maabara: hesabu ya shaka iliyomo ndani ya kila kipimo.

Kipimo cha kwanza cha kina

Mwaka 1935 mwanabiolojia Mbelgiji Hubert Damas, wa Chuo Kikuu cha Liège, alikuja kuchunguza maziwa matatu: Kivu, Edouard na Ndalaga, lile la mwisho likiwa miongoni mwa maziwa ya Mokoto hukohuko Masisi. Alipoteremsha vyombo vyake katika Ziwa Kivu alikuta mambo ambayo ziwa la kawaida halina. Juu maji yalikuwa na oksijeni na uhai. Chini ya makumi kadhaa ya mita oksijeni ilikwisha kabisa, na maji yaliyopandishwa kutoka kilindini yalinuka kama mayai viza, harufu ya hidrojeni salfaidi. Joto nalo, badala ya kuendelea kupungua kadiri mtu anavyoshuka, liligeuka na kupanda. Damas alichapisha matokeo yake mwaka 1937.

Zama hizo oksijeni ya ziwani ilipimwa kwa njia ya Lajos Winkler, mwanakemia wa Budapest aliyeitangaza mwaka 1888. Ni titresheni: manganisi huishika oksijeni iliyoyeyuka, kisha iodini hutolewa kwa kiasi kilekile cha oksijeni, na mpimaji hudondosha thiosalfeti hadi rangi ya buluu ya wanga itoweke. Idadi ya mililita zilizotumika humwambia oksijeni ilikuwa kiasi gani. Winkler alijenga juu ya kazi ya wengi. François Descroizilles wa Rouen alikuwa ametengeneza bomba la kupimia mwishoni mwa karne ya 18 ili kupima nguvu ya dawa za kung'arishia vitambaa. Joseph Gay-Lussac aliboresha njia hiyo katika miaka ya 1820 na 1830, na mwaka 1855 Mjerumani Karl Friedrich Mohr aliandika kitabu kilichoigeuza titresheni kuwa kazi ya kila maabara.

Titresheni ni njia rahisi, na urahisi huo una mtego. Katika maji yenye salfaidi njia ya Winkler hupotoka, kwa sababu salfaidi huila iodini kabla mpimaji hajaihesabu. Bureti haitamwambia. Itampa namba safi yenye desimali mbili, na namba hiyo itakuwa si kweli. Mtu anayepima maji ya Kivu tangu mwanzo amelazimika kujiuliza maswali mawili kwa pamoja: nimepata ngapi, na kitu gani kimeweza kuipotosha namba hii?

Gesi inayotoroka chupani

Kati ya 1952 na 1954 msafara mwingine wa Wabelgiji, uliochunguza maziwa ya Kivu, Edouard na Albert, ulipima kina na kemia ya ziwa zima. André Capart alichora umbo la sakafu yake. Ilibainika kwamba kilindini mna gesi mbili kwa wingi wa ajabu: kabonidioksidi, ambayo sehemu kubwa yake hutoka katika miamba ya volkano, na metani, ambayo huzalishwa na vijidudu. Miaka ya 1960 ilipoanza, kampuni ya Union Chimique Belge iliweka mtambo wa majaribio huko Rubona, karibu na Gisenyi, na metani ya ziwa ikawasha matanuri ya kiwanda cha bia.

Gesi ipo, lakini ni kiasi gani? Ziwa lina kina cha mita 485. Maji ya mita 400 yanabanwa na shinikizo linalozidi lile la hewa tunayovuta kwa takriban angahewa 40. Ukiyapandisha katika chupa ya kawaida, shinikizo linashuka, mapovu yanazuka na gesi inatoroka kabla hujafika juu. Ukipima kilichobaki, umepima mabaki. Kila kikundi kilichokuja kilibuni namna yake ya kuizuia gesi isipotee: chupa zinazofungwa hukohuko chini, mifuko inayojazwa kilindini, pampu zinazovuta maji mfululizo. Timu ya Woods Hole ya Marekani, ikiongozwa na Egon Degens, ilifika mwaka 1971 na 1972. Kisha mwaka 1974 na 1975 alikuja Mjerumani Klaus Tietze, na vipimo vyake vya gesi vikawa kipimo cha rejea kwa kizazi kizima. Mwaka huo wa 1975 Zaire, ambayo leo ni Kongo, na Rwanda zilikubaliana kwamba gesi ya ziwa ni mali ya nchi zote mbili.

Makadirio yanayotajwa mpaka leo ni kilomita za ujazo 300 za kabonidioksidi na 60 za metani, zikihesabiwa kana kwamba zimeletwa kwenye shinikizo la kawaida la hewa. Penye gesi nyingi zaidi kilindini, shinikizo lake lote lilikuwa takriban nusu ya lile linalohitajika ili maji yaanze kuchemka mapovu yenyewe. Wataalamu waliamini kwamba kinachoingia ni sawa na kinachotoka, na hali haibadiliki.

Hofu inapata namba

Tarehe 15 Agosti 1984, Ziwa Monoun nchini Cameroon lilitoa kabonidioksidi ghafla na kuua watu 37. Miaka miwili baadaye, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini humohumo lilifanya vivyo hivyo usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa pamoja na mifugo yao. Nyos ni ziwa dogo. Kivu lina zaidi ya kilomita za mraba 2,000 na watu wapatao milioni mbili kando yake. Watu wa njia ya Goma hadi Sake walijua tayari gesi hiyo inavyoua, kwa sababu mazuku, yale mashimo ambamo kabonidioksidi hujikusanya, yameua watu na mbuzi huko tangu zamani.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikaukata mji wa Goma na kuingia ziwani. Wataalamu, miongoni mwao Tietze na Mfaransa Michel Halbwachs, walikwenda kukagua kama tabaka za chini zimetikiswa. Zilikuwa zimetulia. Lakini vipimo vipya vilivyofuata vilileta habari nyingine. Mwaka 2005 Martin Schmid wa taasisi ya maji ya Eawag nchini Uswisi, pamoja na Halbwachs, Bernhard Wehrli na Alfred Wüest, walilinganisha namba mpya na zile za Tietze wakaona metani imeongezeka kwa hadi asilimia 15 katika miaka 30 hivi. Walionya kwamba kwa mwendo huo maji yanaweza kukaribia kushiba gesi ndani ya karne hii.

Onyo hilo lilikuwa la haki kwa data waliyokuwa nayo. Lilienea magazetini, redioni na katika mikutano ya usalama, na kadiri lilivyosafiri ndivyo asilimia 15 ilivyovuliwa kila kilichoizunguka. Watu wa Bweremana, Kirotshe na Goma walibaki na neno moja tu: inaongezeka.

Hesabu yenyewe

Ili kuona kwa nini neno hilo lilihitaji kurudiwa, tuje kwenye bureti. Kati ya Machi 2007 na Aprili 2009 timu ya Alberto Borges wa Chuo Kikuu cha Liège ilifanya safari nne ziwani na kupima, pamoja na mengine, ualkali wa maji: uwezo wake wa kumeza asidi, ambao katika Kivu hutokana hasa na baikabonati. Njia yao ilikuwa titresheni ya asidi hidrokloriki kwa mtindo wa Gunnar Gran, Msweden aliyeonyesha mwaka 1952 kwamba badala ya kutegemea jicho kuiona rangi ikigeuka, mpimaji aweza kuendelea kudondosha asidi kupita kikomo, kisha akauchora mstari unaorudi na kukionyesha kikomo hasa. Maji ya juu ya Kivu yana ualkali wa karibu milimoli 13 kwa lita, kiasi kikubwa sana kwa maji yasiyo ya chumvi.

Chukua mfano wa maabara ya shule. Tunapima mililita 100 za maji ya ziwa kwa pipeti, tunadondosha asidi ya moli 0.1 kwa lita, na kikomo kinafika kwenye mililita 13.00. Jibu ni milimoli 13.0 kwa lita. Sasa tuulize shaka inatoka wapi.

Kwanza, ujazo wa asidi. Mtengenezaji wa bureti ametuahidi ±0.03 ml. Kwa kuwa thamani za katikati zina uwezekano zaidi kuliko za pembeni, tunagawa kwa kipeuo cha pili cha 6 na kupata 0.012 ml. Tukirudia kazi mara kadhaa, majibu yanatawanyika kwa sababu ya tone la mwisho na macho yetu. Tuseme mtawanyiko wake ni 0.03 ml. Tunazidisha kila moja kwa yenyewe, tunajumlisha, tunatafuta kipeuo cha pili: 0.032 ml, ambayo ni asilimia 0.25 ya 13.00. Pili, ukali wa asidi yenyewe. Tuseme unajulikana kwa asilimia 0.20. Tatu, pipeti: ahadi yake ni ±0.08 ml, na chumba kinaweza kutofautiana kwa digrii 4 na joto ambalo pipeti ilisawazishwa. Vikiunganishwa ni asilimia 0.06.

Tunaviunganisha vitatu kwa njia ileile: 0.25, 0.20 na 0.06 vinatoa asilimia 0.33. Tukizidisha mara mbili, ili tuwe na imani ya takriban asilimia 95, tunapata asilimia 0.66. Jibu kamili ni milimoli 13.00 ± 0.09 kwa lita.

Zingatia kinachofundishwa na hesabu hiyo. Hata kama tungenunua pipeti isiyo na kosa lolote, shaka ingeshuka kutoka asilimia 0.33 hadi 0.32 tu. Kuzidisha kwa yenyewe hukipa nguvu kile kilicho kikubwa na kukizima kilicho kidogo. Mwenye fedha kidogo, kama zilivyo maabara nyingi za Kivu, hesabu humwelekeza pa kuzitumia: kusawazisha asidi upya na kuzoeza mkono.

Lakini kuna shaka isiyopungua kwa kurudia. Mwuza maharagwe sokoni ambaye mkono wake leo unajaza zaidi na kesho pungufu, ukinunua kwake mara nyingi hasara na faida zinasawazishana. Ila kama kopo lake limebonyea, kila kipimo kitapungua kwa upande uleule, hata ukinunua mwaka mzima. Asidi iliyosawazishwa vibaya ni kopo lililobonyea. Chupa inayovujisha gesi ikipandishwa kutoka mita 400 nayo ni hivyohivyo. Dawa yake ni kopo la mtu mwingine. Ndiyo maana timu ya Borges ilikagua titresheni zake kwa maji ya rejea yaliyothibitishwa na maabara ya Andrew Dickson huko California.

Kwa muda mrefu wanasayansi hawakuwa na lugha moja ya kuandika mambo haya. Mmoja aliandika mtawanyiko, mwingine kosa kubwa kabisa, mwingine hakuandika kitu. Mwaka 1993 mashirika ya kimataifa ya vipimo yalitoa mwongozo wa pamoja, na mwaka 1995 Eurachem ikautohoa kwa ajili ya wanakemia, titresheni ikiwa miongoni mwa mifano yake. Tietze alikuwa amekwisha kupima Kivu karibu miaka 20 kabla.

Faida ya namba yenye ukingo ilionekana mara moja katika kazi ya Borges. Septemba 2007 shinikizo la kabonidioksidi juu ya ziwa kuu lilikuwa 742 ± 28, na Machi mwaka huo 579 ± 23, zikihesabiwa kama sehemu kwa milioni. Kingo hizo hazigusani. Mabadiliko ya majira ni ya kweli. Katika Ghuba ya Kabuno, ile pembe ya kaskazini-magharibi iliyo kati ya Sake na njia ya Bweremana, namba zilikuwa kati ya 11,213 na 14,213. Hapo hakuna shaka ya chombo inayoweza kuifuta tofauti. Ghuba ile ina maji yake yenyewe na gesi yake yenyewe, karibu sana na uso.

Machi 2018

Sasa turudi kwenye asilimia 15. Tofauti ya vipimo viwili hubeba shaka ya vyote viwili. Kama kila kipimo kina shaka ya asilimia 5, tofauti yao ina shaka ya asilimia 7, na ongezeko la 15 linajitokeza waziwazi. Kama kila kimoja kina shaka ya asilimia 10, tofauti ina shaka ya 14, na ongezeko la 15 linakaribia kumezwa lote. Hatima ya kauli ya 2005 ilikuwa ndani ya pengo hilo dogo kati ya 5 na 10.

Machi 2018 watafiti kutoka Uswisi, Ujerumani, Ufaransa na mpango wa Rwanda wa kufuatilia ziwa walikutana juu ya maji yaleyale ili kulinganisha makopo yao. Mmoja alipampu maji mfululizo na kuyapitisha katika spektromita ya masi. Mwingine alijaza mifuko kilindini na kupima kwa kromatografia. Wa tatu, Roberto Grilli, aliteremsha chombo cha leza kipime chini hukohuko. Wa nne alileta kifaa cha majaribio cha kupima shinikizo la gesi zote kwa pamoja.

Matokeo, yaliyochapishwa Agosti 2020 yakiongozwa na Fabian Bärenbold, yalionyesha kwamba njia zilizopima metani zilikubaliana kilindini ndani ya asilimia 5 hadi 10. Kifaa cha shinikizo kilisoma chini ya hesabu kwa asilimia 5 hadi 10, na kila mara upande uleule. Waandishi waliliandika hilo wazi na kueleza kwamba kugeuza ukolezi kuwa shinikizo katika maji yenye gesi nyingi hivyo si kazi nyepesi. Kisha wakalinganisha na namba za zamani. Ongezeko lililodaiwa tangu 1974 hawakuweza kulithibitisha. Metani na kabonidioksidi, walihitimisha, viko karibu na hali ya kutobadilika.

Miongoni mwa waliotia sahihi hitimisho hilo alikuwemo Martin Schmid, yuleyule aliyeongoza onyo la 2005. Alikuwa amepima, ameonya, amerudi kupima kwa njia bora zaidi akiwa na wapinzani wa kumsahihisha, na amekubali kilichoonekana. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo saa bora kabisa katika historia ya sayansi ya ziwa hili.

Namba kwa watu wa kandokando

Kutobadilika si usalama. Gesi ingali kilindini, volkano ingali hai, na Mei 2021 magma ilipenya kweli hadi chini ya ziwa. Lakini mkazi wa Bweremana anayeambiwa kwamba gesi iko karibu nusu ya kiwango cha hatari na haionekani kuongezeka, shaka ya vipimo ikiwa asilimia 5 hadi 10, anaweza kupanga maisha yake na kuisikiliza amri ya kuhama kwa sababu yake halisi. Anayeambiwa tu kwamba ziwa litalipuka hana la kufanya ila kuogopa.

Namba hizo sasa zina bei pia. Rwanda inazalisha umeme wa megawati 26 kwa metani katika mtambo wa KivuWatt, na mwaka 2022 Kongo ilitangaza zabuni za vitalu vitatu vya gesi upande wake: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Asilimia 5 ya kilomita za ujazo 60 ni kilomita za ujazo 3 za metani. Mkataba usioandika ukingo wa shaka umewaachia wenye mali wadhaniwe kuwa na zaidi au pungufu ya hiyo bila wao kujua, na mvunaji asiyepima kwa njia inayokubalika hawezi kusema ameliacha ziwa salama kuliko alivyolikuta.

Kwa hiyo watoto wa Masisi wanaosoma kemia wanapofundishwa titresheni, wasiachwe waandike 13.0 na kufunga daftari. Waandike 13.00 ± 0.09, na waweze kueleza kila sehemu ya hiyo 0.09 imetoka wapi. Kupima Ziwa Kivu kumefanywa kwa miaka 85 hasa na wageni waliokuja na kuondoka. Atakayelipima kwa miaka 85 ijayo, na kuwaambia majirani zake ukweli wote wa kipimo chake, inafaa awe mtu anayeishi kando yake.